Ushauri na Heshima katika Makumbusho ya Kongo: Kutoka Tervuren hadi Lubumbashi

1. Utangulizi

Neno makumbusho lina kitendo ndani yake. Kukumbuka ni kazi ambayo mtu aweza kuifanya peke yake, lakini kukumbusha huhitaji watu wawili: mwenye kukumbusha na mwenye kukumbushwa. Katika mji wa Lubumbashi, neno lililo jamaa ya hilo, yaani ukumbusho, lilitumiwa katika miaka ya 1970 kutaja picha za rangi zilizotundikwa sebuleni mwa wafanyakazi. Picha hizo zilionyesha kijiji cha wazee, vita vya Katanga, au askari akimchapa mfungwa mbele ya bendera ya Ubelgiji. Thamani ya picha haikupimwa kwa uzuri wa rangi tu. Ilipimwa pia kwa uwezo wake wa kuanzisha mazungumzo kati ya mwenye nyumba na mgeni wake.

Makumbusho ya taifa yanafanya kazi iyo hiyo kwa kiasi kikubwa zaidi, na ndiyo maana mambo mawili yanayoonekana kuwa ya ofisini tu yanastahili kuchunguzwa na historia. La kwanza ni uteuzi wa washauri: nani huitwa kwenye baraza, huitwa na nani, na neno lake lina uzito gani. La pili ni heshima itolewayo kwa utumishi: jina la nani huandikwa ukutani, nani huvishwa nishani, na nani hutumikia hadi mwisho bila kutajwa. Makala haya yanafuata mambo hayo mawili katika historia ya makumbusho yaliyohifadhi vitu vya Kongo, huko Tervuren nchini Ubelgiji, Kinshasa na Lubumbashi. Hoja yake ni kwamba mambo hayo mawili hayatengani. Palipokuwa na washauri wa upande mmoja, heshima nayo ilikwenda upande huohuo.

2. Baraza na kumbukumbu kabla ya makumbusho

Ingekuwa kosa kudhani kwamba ushauri juu ya mambo ya kale uliletwa Kongo pamoja na vioo vya maonyesho. Katika ufalme wa Waluba, kumbukumbu ya dola ilikuwa mikononi mwa chama cha Mbudye. Wanachama wake walifundishwa kwa hatua, na waliofika juu waliitwa bana balute, watu wa kumbukumbu. Chombo chao kilikuwa lukasa, ubao mdogo wa mti unaoshikika kwa mkono mmoja, wenye shanga, kauri au michoro iliyochongwa. Msomaji aliushika kwa mkono wa kushoto na kupitisha kidole cha mkono wa kulia juu ya shanga, huku akitaja orodha ya wafalme, safari za mababu, mahali patakatifu na kanuni za utawala. Shanga moja haikuwa na maana moja tu. Msomaji aliyeijua kazi yake alichagua la kusema kwa kuwatazama waliokuwa mbele yake na shauri lililowakutanisha.

Jambo la kuzingatia ni kwamba Mbudye hawakuwa watumishi wa kumsifu mfalme tu. Walikuwa na uwezo wa kuyazuia madaraka yake, kwa sababu wao ndio waliojua masharti ambayo kwayo mfalme alistahili kuwa mfalme. Kwa maneno mengine, mtunza kumbukumbu alikuwa mshauri, na ushauri wake ulikuwa na nguvu kwa kuwa haukutegemea hisani ya anayeshauriwa.

Kwa upande wa mashariki, kati ya Walega wa Pangi, Shabunda na Mwenga, chama cha Bwami kilitoa mfano mwingine. Humo mtu alipanda daraja baada ya daraja, hadi kufikia kindi, ngazi ya juu kabisa, kwa mwenendo mwema, kwa ukarimu na kwa kuungwa mkono na jamaa zake. Sanamu ndogo za pembe za ndovu na vinyago vidogo vya mti vilikuwa alama za daraja hizo. Kila kimoja kilifundisha methali, na kila kimoja kilipokelewa kutoka kwa mtangulizi ili kije kikabidhiwe kwa mrithi. Kwa hiyo sanamu ya Walega ilikuwa kama nishani ya utumishi na kitabu cha maadili kwa wakati mmoja. Serikali ya kikoloni iliipiga Bwami marufuku mwaka 1948. Sanamu zake zilizokwisha kufika Ulaya zilisifiwa kwa umbo lake na kuandikiwa kabila lake, lakini mara chache sana ziliandikiwa jina la mtu aliyeistahili daraja ile. Hivyo ndivyo alama za heshima za watu fulani zilivyogeuka kuwa mali ya makumbusho zisizo na mwenyewe.

3. Ukuta wa majina

Makumbusho ya Tervuren yalianza kama maonyesho. Mwaka 1897, wakati wa Maonyesho ya Kimataifa ya Brussels, Mfalme Leopold II aliagiza sehemu ya kikoloni iwekwe katika bustani ya Tervuren. Watu 267 waliletwa kutoka Kongo ili kuonyeshwa katika vijiji vilivyojengwa kando ya maziwa ya bustani hiyo, na watazamaji zaidi ya milioni moja wakaja kuwaangalia. Majira ya joto ya mwaka ule yalikuwa ya baridi na mvua. Saba kati ya watu hao walikufa huko: Ekia, Gemba, Kitukwa, Mpeia, Zao, Samba na Mibange. Makaburi yao yapo hadi leo kando ya kanisa la Tervuren.

Maonyesho yalipofanikiwa, mwaka 1898 yaligeuzwa kuwa makumbusho ya kudumu. Jengo kubwa lililochorwa na msanifu Mfaransa Charles Girault lilifunguliwa na Mfalme Albert I mwaka 1910, miezi michache baada ya kifo cha Leopold. Ndani yake kuna ukumbi mrefu wenye ukuta ulioandikwa majina 1.508 ya Wabelgiji waliokufa Kongo kati ya 1876 na 1908. Ukuta huo ni orodha ya utumishi. Unamwambia mgeni kwamba hawa walitumika, wakafa, na taifa linawashukuru. Hakuna hata jina moja la Mkongo juu yake, ingawa kipindi hichohicho ndicho kilichowaangamiza wapagazi, wakata mpira na wakazi wa vijiji kwa idadi isiyowahi kuhesabiwa kwa usahihi.

Heshima za kikoloni hazikuishia ukutani. Dola Huru la Kongo lilikuwa na nishani zake, kama Nyota ya Utumishi iliyovaliwa na maofisa waliomaliza muda wao wa kazi. Lilikuwa pia na nishani nyingine, ya machifu. Kutokana na amri ya mwaka 1891, chifu aliyetambuliwa na serikali aliwekwa katika daftari na kuvishwa nishani shingoni, naye akatakiwa kutoa watu wa kazi na kodi ya mazao. Watu wakawajua kama machifu wa medali. Katika sehemu nyingi aliyevaa nishani hakuwa yule ambaye baraza la wazee lingemchagua. Nishani hiyo ilikuwa ahadi ya kazi ambayo mvaaji alikuwa bado hajaifanya, na mara nyingi kazi yenyewe ilikuwa ya kuwaumiza watu wake.

Mfano wa pwani ya magharibi ya Ziwa Tanganyika unaonyesha jinsi heshima ya mmoja ilivyojengwa juu ya aibu ya mwingine. Mwaka 1883 Luteni Emile Storms, akitumwa na Shirika la Kimataifa la Afrika, alijenga kituo huko Mpala. Mwezi Desemba 1884 wapiganaji aliowatuma walimwua Lusinga, mkuu mwenye nguvu wa Watabwa, wakamkata kichwa. Fuvu lake lilipelekwa Ubelgiji, na sanamu ya mti ya ukoo wake, iliyotekwa wakati huo, iliishia Tervuren. Storms mwenyewe alirudi kwao, akapanda cheo, na baadaye akawekewa sanamu ya shaba katika mtaa wa Ixelles, mjini Brussels. Sanamu hiyo iliondolewa mahali pake mwaka 2022, baada ya miaka mingi ya madai ya wakazi wenye asili ya Kongo.

4. Kamati zilizokaa mbali

Katika miaka ya 1930 baadhi ya Wabelgiji waliingiwa na wasiwasi kwamba ufundi wa Kongo unatoweka kwa sababu ya shule, dini na biashara za wageni. Mwaka 1935 iliundwa tume ya kulinda sanaa na kazi za mikono za wenyeji, iliyojulikana kwa ufupisho wake COPAMI, ili iishauri wizara ya makoloni. Wakati huohuo, huko Léopoldville, chama cha marafiki wa sanaa ya wenyeji kiliundwa na Wazungu wa mji huo, nacho kikaanzisha makumbusho madogo ya maisha ya wenyeji yaliyofunguliwa mwaka 1936.

Nia ya tume hiyo haikuwa mbaya yote. Ilitambua kwamba Kongo ina mafundi, na ilisema wazi kwamba kazi zao zinastahili ulinzi. Kasoro yake ilikuwa katika mahali ilipokaa. Tume ya kuwashauri wakubwa kuhusu wachongaji, wafinyanzi na wafuma mikeka iliketi Brussels, mwendo wa wiki kadhaa kwa meli kutoka kwa mfinyanzi wa karibu zaidi. Ilijadili sanaa ipi ni safi na ipi imeharibika, kana kwamba fundi hakuwa na maoni juu ya kazi ya mikono yake mwenyewe.

Hata hivyo, ndani ya taaluma yenyewe mlango mmoja ulianza kufunguka. Frans Olbrechts, aliyekuja kuwa mkurugenzi wa Tervuren kuanzia 1947 hadi 1958, alikuwa amegundua kwamba viti na sanamu kadhaa zenye nyuso ndefu, zilizohusishwa na kijiji cha Buli, zilitoka katika mkono mmoja au karakana moja. Ugunduzi huo uliivunja dhana kwamba sanaa ya Afrika hutengenezwa na kabila, haitengenezwi na mtu. Miaka mingi baadaye utafiti uliofanywa Kongo kwenyewe uliipa kazi hiyo jina: Ngongo ya Chintu. Jina hilo halikupatikana katika daftari za makumbusho. Lilipatikana kwa kuwauliza watu waliobaki na habari. Basi hapo shauri la wenyeji lilitangulia, na heshima ya fundi ikafuata.

5. Taasisi ya taifa na mkurugenzi wa nyumba mbili

Uhuru ulipokuja tarehe 30 Juni 1960, vitu vya Kongo vilibaki Ubelgiji. Makumbusho ya Kongo ya Kibelgiji yalibadilisha jina na kuwa Makumbusho ya Kifalme ya Afrika ya Kati, lakini milango, funguo na daftari zikabaki palepale. Ilichukua miaka kumi kabla Kongo haijawa na taasisi yake. Tarehe 11 Machi 1970 iliundwa Taasisi ya Makumbusho ya Taifa, yenye makao katika mlima Ngaliema mjini Kinshasa, kwa ushirikiano na Tervuren. Ushirikiano huo ulikuwa wa karibu mno. Lucien Cahen, mwanajiolojia aliyekuwa mkurugenzi wa Tervuren tangu 1958, aliteuliwa pia kuiongoza taasisi mpya. Mtu mmoja akawa mkuu wa nyumba inayodai na wa nyumba inayodaiwa.

Hali hiyo haikuizuia taasisi kufanya kazi kubwa. Katika miaka ya 1970 watafiti wake walizunguka nchini wakikusanya vitu, wakirekodi nyimbo na kuandika habari za matumizi, hadi mkusanyo wa Kinshasa ukafikia maelfu kwa makumi. Pamoja na Bruda Joseph-Aurélien Cornet, aliyejulikana kwa utafiti wake juu ya sanaa ya kifalme ya Wakuba, kilikua kizazi cha wataalamu Wakongo. Mwanahistoria wa sanaa Lema Gwete alikuja kuiongoza taasisi hiyo, na Shaje Tshiluila, aliyefanya kazi humo, baadaye akawa rais wa AFRICOM, baraza la makumbusho ya Afrika lenye makao Nairobi.

Siasa ya wakati huo iliyatumia makumbusho kama ushahidi. Tarehe 4 Oktoba 1973 Rais Mobutu alisimama mbele ya Umoja wa Mataifa akidai kwamba nchi tajiri zirudishe kazi za sanaa zilizochukuliwa katika nchi maskini. Desemba mwaka uleule Baraza Kuu lilipitisha azimio nambari 3187 juu ya kurejeshwa kwa kazi za sanaa, ambalo Zaire ilikuwa mstari wa mbele kulileta. Tunda lake lilikuwa dogo. Kati ya 1976 na 1982 Tervuren ilirejesha vitu 114 kutoka katika mkusanyo wake. Tena Ubelgiji ilipendelea kuviita zawadi. Tofauti ya maneno hayo mawili ni kubwa: atoaye zawadi hushukuriwa, arudishaye huwa ametimiza wajibu tu.

Wakati huohuo dola ilikuwa na heshima zake. Nishani ya Taifa ya Chui, iliyoanzishwa mwaka 1966, ilivishwa mawaziri, majenerali na wageni wa rais. Sanamu za Stanley na za wafalme wa Ubelgiji zilikuwa zimeng'olewa katika viwanja vya mji na hatimaye zikapata makazi katika mlima Ngaliema, chini ya ulinzi wa makumbusho. Sanamu ya Leopold juu ya farasi ilijaribu kurudi mara moja. Mwezi Februari 2005 ilisimamishwa tena katika barabara kuu ya Kinshasa kwa agizo la waziri wa utamaduni, na kabla siku haijapita ikaondolewa. Hakuna baraza lililokuwa limeulizwa kabla ya kuisimamisha, wala kabla ya kuiondoa.

6. Walinzi wa ghala

Miaka ya 1990 iliipima taasisi kwa kipimo kikali kuliko chochote kilichotangulia. Misaada ya nje ilikatika, fedha ikapoteza thamani, uporaji wa mwaka 1991 na wa 1993 ukaitikisa Kinshasa, na vita vikafuata. Mishahara ya watumishi wa serikali ilikuja mara moja moja au haikuja kabisa. Vitu viliibwa katika ghala za mlima Ngaliema, na baadhi ya vile vilivyokuwa vimerejeshwa kutoka Tervuren vikaonekana tena katika masoko ya sanaa ya Ulaya.

Wizi huo umetajwa mara nyingi na wale wasiotaka kurejesha. Husema kwamba Afrika haiwezi kutunza. Hoja hiyo inasahau pande mbili. Kwanza, kitu kilichoibwa Kinshasa kilinunuliwa mahali fulani, na soko lake halikuwa Kinshasa. Pili, sehemu kubwa ya mkusanyo ilibaki. Haikubaki kwa bahati. Ilibaki kwa sababu wapo watumishi, wahifadhi, makarani na walinzi wa usiku, walioendelea kufika kazini bila mshahara, wakafunga milango na kuziandika upya daftari. Hali ilikuwa hiyohiyo katika makumbusho ya Lubumbashi, yaliyoanzishwa mwaka 1946 na mwanaakiolojia Francis Cabu.

Wakongwe hao wa ghala wanafaa kulinganishwa na ukuta wa Tervuren. Kule, afisa aliyekufa kwa homa baada ya miezi sita ya utumishi alichongewa jina katika jiwe. Huku, mlinzi aliyetumika miaka thelathini hustaafu na barua, akiipata. Hesabu hii ya heshima haitokani na uzito wa kazi. Inatokana na nani alikuwa na mamlaka ya kuamua kazi ipi ni ya kukumbukwa.

7. Washauri bila funguo

Mwanzoni mwa miaka ya 2000 Tervuren ilianza kujirekebisha. Iliunda COMRAF, kamati ya mashauriano kati ya makumbusho na vyama vya Waafrika waishio Ubelgiji, wengi wao Wakongo. Jengo lilipofungwa mwaka 2013 kwa ukarabati mkubwa, wataalamu sita wenye asili ya Afrika walichaguliwa ili kushauri juu ya maonyesho mapya. Kwa mara ya kwanza katika historia ya zaidi ya miaka mia moja, Waafrika walikaa kwenye meza ya makumbusho hayo wakiwa na jina la washauri.

Matokeo yake yalikuwa na pande mbili. Makumbusho yalipofunguliwa tena tarehe 8 Desemba 2018, ukoloni ulielezwa kwa maneno yasiyokuwako zamani, na sauti za Waafrika zilisikika katika kumbi kadhaa. Lakini baadhi ya washauri walikuwa wamesema hadharani kwamba waliitwa wakati maamuzi makubwa yamekwisha kufanywa, na kwamba neno lao lilisikilizwa bila kuwa na lazima ya kufuatwa. Katika Kiswahili, neno shauri lina maana ya nasaha, na pia lina maana ya kesi inayongoja hukumu. Washauri wa Tervuren walijikuta kati ya maana hizo mbili. Walitakiwa kutoa nasaha katika kesi ambayo wao wenyewe, kwa historia yao, walikuwa upande wa wadai.

Jibu lililogusa zaidi halikutoka katika kamati. Lilitoka kwa msanii. Freddy Tsimba wa Kinshasa aliandika majina ya Wakongo waliokufa Ubelgiji, wakiwamo wale saba wa 1897, kwenye vioo vya madirisha ya ukumbi wa kumbukumbu. Sheria ya kulinda majengo ya kale hairuhusu ukuta wenye majina 1.508 kuguswa, na Tsimba hakuugusa. Jua linapowaka, vivuli vya majina ya Wakongo huangukia juu ya majina ya Wabelgiji. Jua linapofichwa na mawingu, kama ilivyo desturi ya nchi ile, vivuli hutoweka. Kazi hiyo inaeleza kwa usahihi hali ya heshima yenyewe: imepatikana, lakini bado inategemea hali ya hewa.

8. Mji unaojishauri

Lubumbashi ulikuwa na mwelekeo wake. Mwaka 1965 André Yav aliandika, kwa Kiswahili cha Katanga na kwa niaba ya chama cha watumishi wa nyumbani, historia ya mji wa Elisabethville. Andiko hilo, lililokuja kuchapishwa mwaka 1990 kwa juhudi za Johannes Fabian na Kalundi Mango, linasimulia ukoloni kutoka jikoni na uani. Wapishi na maboi, ambao hakuna ukuta uliowataja, walijiandikia wenyewe kumbukumbu ya utumishi wao. Katika miaka ya 1973 na 1974 mchoraji Tshibumba Kanda Matulu alifanya kazi kama hiyo kwa brashi. Alichora historia ya nchi katika picha zipatazo mia moja na kuieleza kwa Kiswahili mbele ya kinasa sauti cha Fabian. Picha hizo leo zimo Amsterdam. Mchoraji mwenyewe hakuonekana tena tangu mwanzoni mwa miaka ya 1980.

Mwaka 2000 Chuo Kikuu cha Lubumbashi kilianzisha mradi wa Kumbukumbu za Lubumbashi, chini ya Donatien Dibwe dia Mwembu na Bogumil Jewsiewicki. Watafiti na wanafunzi waliingia katika kambi za wafanyakazi wa Union Minière na wa reli, wakarekodi masimulizi ya wastaafu, wajane na watoto wao. Kisha wakazi wakaalikwa kuvileta vitu vyao kwenye maonyesho, na neno ukumbusho likawekwa katika jina la kitabu kilichotokana na kazi hiyo. Mwenye chombo ndiye aliyekieleza. Hapo mstaafu alikuwa mshauri kwa sababu alijua, na aliheshimiwa kwa sababu alieleza. Hakukuwa na barua ya uteuzi wala nishani, na hata hivyo mambo yote mawili yalitimizwa.

Haifai kuupamba mfano huu kupita kiasi. Mradi ulitegemea fedha za nje, na maonyesho yakiisha kila mtu hurudi na chombo chake nyumbani. Lakini ulionyesha kwamba baraza la makumbusho laweza kuanzia mtaani, kwa lugha ambayo watu huitumia kugombana na kupatana.

9. Hitimisho

Maswali haya yamekuwa ya haraka kuliko zamani. Mwezi Novemba 2019 Makumbusho ya Taifa ya Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo yalizinduliwa Kinshasa, katika jengo lililojengwa kwa msaada wa Korea Kusini. Mwezi Februari 2022 serikali ya Ubelgiji iliikabidhi Kongo orodha ya vitu vipatavyo 84.000 vilivyohifadhiwa Tervuren. Mwezi Juni mwaka huo Mfalme Philippe alikileta Kinshasa kinyago kikubwa cha Wasuku kiitwacho Kakuungu, kwa azima isiyo na kikomo. Mwezi Julai Ubelgiji ikapitisha sheria inayoruhusu kurejeshwa kwa mali zilizopatikana wakati wa ukoloni, kwa kufuata mapatano ya serikali mbili. Kila hatua inayofuata itahitaji tume, na kila tume itahitaji wajumbe.

Historia iliyosimuliwa hapa inatoa mafunzo matatu kwa watakaowateua wajumbe hao. La kwanza ni la Mbudye: mshauri asiyeweza kusema hapana hana tofauti na msikilizaji. Uteuzi hauna budi kueleza ni mambo gani hayawezi kuamuliwa bila baraza. La pili ni la Bwami: heshima hufuata kazi iliyokwisha kuonekana, na hutolewa na wale wanaomjua mtendaji. Nishani itolewayo kabla ya kazi, kama ile ya machifu wa 1891, ni kamba. La tatu ni la Lubumbashi: mwenye kitu, au mjukuu wake, ana ujuzi ambao daftari halina. Msuku aliyewahi kuwaona vijana wakitoka tohara chini ya ulinzi wa Kakuungu, na mzee wa Kilega anayezijua methali za sanamu, wana nafasi kwenye meza hiyo pamoja na daktari wa historia ya sanaa.

Orodha ya vitu 84.000 ina nambari kwa kila kitu. Majina ya waliovitengeneza na ya waliovivaa, pamoja na ya wale waliovilinda Kinshasa na Lubumbashi katika miaka ya njaa, kwa sehemu kubwa hayajaandikwa popote. Baadhi ya wanaoyajua bado wako hai, katika vijiji vya Kwango na Shabunda na katika mitaa ya Kenya na Katuba. Kazi ya kwanza ya baraza lolote litakaloteuliwa ni kwenda kuwauliza.